Uzi, Viraka na Wanyama wa Nyumbani Wakati wa Krismasi Mwanza: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Watoto wangu wameshakua na kuhama, lakini hapa mtaani Nyegezi bado naitwa kwa jina la mtoto: Mama Furu. Furu ni paka. Aliokotwa akiwa mdogo kama wale samaki wa ziwani aliorithi jina lao, na tangu hapo nyumba ni yake, mimi ni mpangaji. Nafuma, nashona viraka, nafundisha majirani wanaotaka kujifunza, na kila Desemba naulizwa mambo yale yale kanisani, kwenye daladala na dirishani kwangu. Nimeona niyaandike mara moja.

Mwanza na joto lote hili, nani anahitaji sweta?

Anayeuliza hivyo hajakaa barazani saa mbili usiku baada ya mvua ya Desemba, upepo ukitoka ziwani. Mwanza iko zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa mvua joto hushuka hadi karibu nyuzi 18. Mtu mzima atajitupia khanga mabegani, yataisha. Mtoto mchanga anayebebwa kwenda kubatizwa asubuhi ya Krismasi ndiye mwenye haki ya sweta, kofia na soksi, na ndiye mteja wangu mkuu. Wengine ni ndugu wa Mbeya na Moshi, ambao ukiwapelekea sweta hawaulizi ya nini.

Ila kazi kubwa ya uzi kwenye nyumba zetu haivaliwi. Ni vitambaa vya makochi, vya meza, vya kufunika tivii na friji. Mgeni wa sikukuu akiingia sebuleni macho yake yanaanzia hapo, kabla hata hajaulizwa atakunywa soda gani.

Nianze lini ili zawadi iwe tayari tarehe 25?

Hesabu jioni, usihesabu siku. Jioni moja ni saa mbili hivi za kufuma, baada ya vyombo kuoshwa, kama umeme upo. Kofia ya mtoto mchanga ni jioni tatu. Sweta yake ni jioni kumi hadi kumi na tano. Seti kamili ya vitambaa vya makochi kwa kroshia ni mwezi mzima, tena kwa mkono uliozoea. Blanketi la viraka la kitanda cha nne kwa sita, ukiwa na cherehani, tenga wiki mbili. Kwa mkono mtupu ulipaswa kuanza Septemba.

Ukiwa unasoma haya tarehe 15 Desemba, fuma kofia, basi. Mwaka mmoja nilimwahidi wifi yangu seti ya vitambaa ya Krismasi, akaipata Pasaka, na mpaka leo akinipigia simu ya kunitakia Krismasi njema anamalizia na "na Pasaka pia".

Uzi mzuri naupata wapi bila kumaliza pesa ya sikukuu?

Mlango Mmoja, soko letu la mitumba.

Watu wanacheka nikisema hivyo, maana Mlango Mmoja wao wanakwenda kutafuta jinzi na mashati. Mimi naelekea kwenye rundo la sweta. Sweta nzito za sufu kutoka nchi za baridi hazigombaniwi hapa kwetu, kwa hiyo ukienda jioni na ukijua kuongea na muuzaji, utaondoka na kilo nzima ya uzi mzuri kuliko wa dukani.

Kabla ya kulipa, geuza sweta ndani nje utazame mshono wa ubavuni. Kama kingo za kila kipande zimefumwa mpaka mwisho, kisha vipande vikaunganishwa kwa uzi mmoja, hiyo itafumuka vizuri. Kama kingo zimekatwa kwa mkasi na kupigwa ovaloki, iache. Kila mstari umekatwa, utaishia kupata vipande vya nusu mita. Iache pia ile iliyofuliwa kwa maji moto ikashikana kama zulia. Sufu ikishashikana haifumuki hata uilie.

Ukifika nyumbani, fungua mishono, anza kufumua kutoka shingoni kushuka, kwa sababu nyingi zilianzwa kufumwa kutoka chini na mwisho wa uzi uko juu. Zungushia uzi kwenye migongo ya viti viwili, ufunge sehemu tatu au nne usichanganyikane, uloweke kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni kidogo, usuuze, kisha uutundike kivulini na kuning'iniza chupa ya maji ya nusu lita upande wa chini. Ile mikunjo kama tambi itanyooka. Usiku huo paka alale chumba kingine.

Hapa ndipo penye pamba. Mbona uzi wa pamba wa kufumia ni adimu?

Swali linauma, hasa kwa sisi tuliolelewa na pesa ya pamba. Sehemu kubwa kabisa ya pamba ya Tanzania inalimwa Kanda ya Ziwa. Inapandwa kuanzia katikati ya Novemba, na ukisafiri siku za Krismasi kuelekea Magu au Kwimba utaiona ingali michipukizi mashambani. Ikivunwa katikati ya mwaka inapelekwa kiwandani, mbegu zinatenganishwa, nyuzi zinafungwa robota, na robota nyingi zinauzwa nje kabla hazijasokotwa. Kwa hiyo donge la uzi unalonunua mjini, mara nyingi ni akriliki iliyotoka mbali.

Akriliki si adui. Ni nyepesi, inakauka upesi, na kwa sweta ya mtoto inatosha. Ubaya wake ni kwenye pasi: ukiigusisha pasi ya moto inalegea na kulala, na hairudi tena ilivyokuwa. Kwa vitambaa vya kroshia tafuta pamba, maana inashika umbo na inakubali pasi. Kama muuzaji anakuapia kuwa ni pamba, omba kipande cha kidole kimoja ukichome. Pamba inanuka karatasi iliyoungua na kuacha majivu laini. Akriliki inayeyuka na kuacha shanga ngumu nyeusi. Sufu inanuka nywele. Wauzaji wengine hawapendi mtihani huu, na hapo nawe umeshapata jibu lako.

Sijawahi kufuma kabisa. Nianze na nini?

Na kofia hiyo hiyo ya mtoto. Hii hapa, nimeifundisha mara nyingi kiasi kwamba naweza kuifuma gizani.

Sindano mbili za milimita 4 na uzi wa unene wa kati, ule unaotoa vitanzi 22 hivi kwa kila sentimita 10. Anzisha vitanzi 72. Fuma ukingo wa sentimita 3 kwa kitanzi kimoja uso (uzi ukiwa nyuma ya kazi), kimoja nyuma (uzi ukiwa mbele), ili kofia ivutike. Endelea mstari wa uso, mstari wa nyuma, mpaka kipande kifike sentimita 12 tangu mwanzo. Sasa punguza: fuma vitanzi 6, kisha viwili kwa pamoja, rudia mpaka mwisho wa mstari. Utabaki na 63. Rudi mstari mmoja bila kupunguza. Halafu fuma 5 na viwili pamoja, ubaki na 54. Endelea hivyo, kila ukipunguza unapoteza vitanzi 9, mpaka vibaki 9 tu kwenye sindano. Kata uzi, upitishe ndani ya hivyo 9, uvute, ushone ubavu.

Usiweke kamba ya kufungia kidevuni. Mtoto mchanga hafungwi kamba shingoni, hata iwe ya kupendeza namna gani.

Na usifumie uzi mweupe barazani chini ya taa. Usiku ule wa wale wadudu wadogo wa ziwani wanapokuja kama moshi, watajibandika kwenye kazi yako, na ukiwapangusa wanaacha doa la kijani. Furu anawala. Mimi nazima taa na kuingia ndani.

Vitambaa vya makochi: nivipige wanga au sukari?

Wanga. Wapo wanaochemsha sukari na maji mazito, wanachovya kitambaa, kinakauka kikasimama kama kikombe, na kweli kinapendeza kwa siku mbili. Siku ya tatu sisimizi wamepanga mstari kutoka dirishani, na mende nao wanakuja usiku. Wenye mbwa wataongeza kwamba mbwa ameramba mpaka kitambaa kimelowa. Koroga kijiko cha unga wa muhogo kwenye maji baridi, mimina ndani ya nusu lita ya maji yanayochemka, koroga mpaka yawe kama uji mwepesi sana, chovya, kamua, nyoosha juu ya taulo, piga pasi kabla hakijakauka sawasawa.

Nimzuieje paka asiharibu uzi wangu?

Hili ndilo naulizwa kuliko yote, na kila mara inabidi niligeuze. Uzi ukiharibika utanunua mwingine. Anayeweza kufa hapo ni paka.

Ulimi wa paka una vijimiba vinavyoelekea kooni. Ndiyo maana ukikulamba unahisi msasa. Uzi ukishashika kwenye vijimiba vile, hawezi kuutema kirahisi. Kila akijitahidi anaumeza zaidi. Ncha moja inaweza kunasa chini ya ulimi au tumboni, nyingine inaendelea na safari ndani ya utumbo. Daktari wa mifugo alinieleza kwa lugha ya fundi nikaelewa papo hapo: utumbo unakunjika marinda, kama kitambaa ukivuta uzi mmoja kutoka pembeni. Na marinda yale yakikaza, uzi unakata utumbo.

Alinieleza hayo tarehe 27 Desemba, miaka kadhaa iliyopita, Furu akiwa amelala kwenye meza yake. Sikukuu nzima nilikuwa nimeacha kapu la uzi wazi kwa sababu ya wageni. Krismasi jioni Furu alitapika, nikadhani ni mafuta ya kuku. Tarehe 26 hakula. Hata dagaa nilipomsogezea aligeuza uso, na Furu hajawahi kukataa dagaa. Tarehe 27 nikaona uzi wa bluu chini ya ulimi wake. Alipasuliwa, akapona, na nina deni la shukrani kwa yule daktari lisilolipika. Tangu hapo nyumbani kwangu kuna utaratibu.

Donge ninalofumia linakaa ndani ya birika kuukuu la chai, mfuniko umefungwa, uzi unatokea mdomoni kwa birika. Linazunguka humo ndani bila paka kuliona. Madonge mengine yamo kwenye ndoo ya rangi ya lita 20 yenye mfuniko wa kubana. Kapu la ukili ni zuri kwa macho, lakini Furu alishajua kulifungua kabla sijajua kulifunga. Sindano za kushonea nazihesabu ninapoanza na ninapomaliza, na sindano haiachwi na uzi ndani yake hata dakika moja, kwa sababu paka akivutiwa na uzi anaumeza pamoja na sindano yake.

Jambo jingine ni saa. Paka analala mchana wa joto na anaamka na hamu ya kuwinda jioni, saa ile ile tunayokaa kufuma. Kwa hiyo kabla sijashika sindano, dakika kumi nacheza naye kwa unyoya wa kuku niliofunga kwenye fimbo, mpaka achoke, kisha nampa chakula. Akishiba analala. Tukimaliza ile fimbo inafungiwa kabatini.

Nimeona uzi unatoka mdomoni mwa paka, au nyuma. Niuvute?

Usiuvute. Usiuvute hata kama jirani yako anasema wao kwao huvuta. Usimpe mafuta wala maziwa ya kumtapisha. Kama unaning'inia mrefu kwa nyuma, ufupishe kwa mkasi asiukanyage, kisha mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Dalili nyingine kama hukuona uzi: anatapika mara kwa mara, hali, anatokwa mate, amejikunyata pembeni na hataki kushikwa tumbo. Tafuta namba ya daktari tarehe 20, sio tarehe 25 wakati kila mtu amezima simu yuko kwao.

Blanketi la viraka linahitaji vitenge vingapi?

Watu wa pwani wana jina zuri la tandiko la namna hii, mfarishi. Sisi tunasema tu blanketi la viraka, na wengine wanalidharau kwa sababu ya neno viraka, wakidhani ni la shida. Wakiliona limetandikwa wanabadilisha maneno.

Kwa kitanda cha nne kwa sita, lenga blanketi la sentimita 150 kwa 210. Kata vipande vya mraba vya sentimita 17; ukiacha sentimita moja ya mshono kila upande, kikishonwa kinabaki 15. Hapo unahitaji vipande 10 kwa upana na 14 kwa urefu, jumla 140. Yadi moja ya kitenge inatoa vipande 30, kwa hiyo yadi tano za mchanganyiko zinatosha na kubaki. Lakini usinunue kitenge kipya kwa kazi hii, ni ubadhirifu. Zungukia mafundi cherehani kuanzia mwanzoni mwa Desemba. Huo ndio msimu wao wa sare za kwaya, nguo za sikukuu na magauni ya mama na binti yake, na chini ya kila cherehani kuna rundo la mabaki. Nenda na chupa ya soda baridi. Mimi nilipata karibu blanketi zima kutokana na magauni ya kwaya moja, na Jumapili nikikaa nyuma yao kanisani naona kitanda changu kinaimba.

Fua kila kitu kabla ya kukata. Vitenge vingine, hasa vyekundu na vya bluu iliyokolea, vinachuja vibaya. Lowesha kona, ibane kwa kitambaa cheupe. Kikitoka na rangi, fua tena peke yake mpaka ikome. Usipofanya hivi, mvua ya kwanza ikilowesha blanketi lako kambani utapata rangi moja ya udongo.

Kati ya uso na bitana, vitabu vya mafundi wa nchi za baridi vinataka pamba nene. Kwa Mwanza utalilaani usiku huo huo. Weka shuka kuukuu au khanga mbili zilizochakaa, ndiyo laini kuliko zote. Bitana iwe shuka la rangi moja. Zikishalazwa tatu juu ya sakafu iliyofagiliwa, zibane kwa pini za nepi kila unapoweza kuweka kiganja, kisha pitisha mshono kwenye kila mstari wa viraka, ukianzia katikati kwenda nje. Ukianzia pembeni kutatokea uvimbe katikati ambao hauondoki.

Ukishapanga vipande sakafuni, vipige picha kwa simu kabla ya kitu kingine chochote. Paka atakuja kulala katikati, na akiondoka atakimbia.

Mbwa amelala juu ya blanketi langu na sasa lina viroboto.

Fua kwa maji ya moto kadiri rangi zinavyoruhusu, anika kwenye jua kali (Desemba jua ni la asubuhi, mawingu yakianza kupanda kutoka ziwani jua limekwisha), piga pasi pande zote. Kisha rudi kwa mbwa, maana ukifua blanketi ukamwacha yeye umefanya kazi bure. Fagia pia nyufa za sakafu na chini ya makochi, mayai ya viroboto yako huko.

Onyo moja kubwa: dawa ya viroboto iliyoandikwa ya mbwa usimpake paka. Nyingi zina pemethrini, ambayo mbwa anaivumilia na paka anatetemeka mpaka kufa. Na kwa kuwa tumegusa dawa, parasetamoli nayo inaua paka. Hata nusu kidonge. Nimeshakutana na mtu aliyempa kwa huruma, kwa sababu paka alikuwa na homa.

Mabaki ya pilau ya Krismasi niwape mbwa na paka?

Wali wenyewe hauna neno. Ni vitunguu. Vitunguu maji na vitunguu saumu, vibichi au vilivyopikwa, vinaharibu chembe nyekundu za damu za mbwa na paka, na paka ndiye dhaifu zaidi. Pilau yetu bila vitunguu si pilau, kwa hiyo jibu ni usiwape. Mifupa ya kuku iliyopikwa inavunjika vipande vyenye ncha kama sindano. Ifunge vizuri na uitupe mahali ambapo mbwa hafiki, sio kwenye mfuko wa plastiki nyuma ya jiko. Zabibu kavu na chokoleti ni sumu kwa mbwa.

Wapikie chungu chao kidogo: ugali au wali mtupu, dagaa waliochemshwa bila chumvi na kuchujwa mchanga, au nyama ya kichwa cha sangara iliyotolewa mifupa. Furu siku ya Krismasi anapata sato, kipande cha tumboni. Hilo siwezi kulitetea kwa hoja yoyote.

Paka anapanda mti wa Krismasi. Nifanyeje?

Mkrismasi ule wenye maua mekundu barabarani apande anavyotaka. Ule wa plastiki sebuleni, ufunge kwa uzi mgumu kwenye nondo ya dirisha, weka mapambo ya kuvunjika juu na ya kitambaa chini, na zile kamba za karatasi ya kung'aa usizitumie kabisa, kwa sababu zikimezwa zinafanya kazi ile ile ya uzi. Mimi nimefuma nyota na vikengele vidogo vya kroshia, nimevifunga kwa fundo fupi. Vikianguka vinaokotwa. Kuna mwaka sikuweka mti, nilitundika matawi ya mvinje juu ya mlango, na hakuna mgeni aliyelalamika.

Nimfumie mbwa wangu sweta ya Krismasi?

Hapana. Mbwa hatoki jasho kama wewe, anajipoza kwa kuhema. Mpige picha moja ukitaka, halafu umvue.

Tunakwenda kijijini wiki mbili. Wanyama niwaache au niwachukue?

Mbwa na paka hawafanani hapa. Mbwa amezoea watu, paka amezoea nyumba. Paka mwache nyumbani kama yupo mtu wa kuingia kila siku kumwekea chakula na maji, na asiwe mtu wa "nitapita nikipata nafasi". Mlipe, au mfumie kitu. Furu anaangaliwa na kijana wa jirani ambaye nimeshamfumia kofia tatu, zote za rangi ya timu yake.

Kama lazima umchukue, tumia tenga lenye mfuniko uliofungwa kwa kamba, chini umeweka kitambaa ulichokilalia wewe, maana harufu yako inamtuliza. Usimlishe masaa manne kabla ya safari. Wanaokwenda Sengerema na Geita wamepata nafuu kubwa: tangu Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, ile foleni ya kivuko juani pale Kigongo, mnyama akilia ndani ya kapu na abiria wakikutazama, imekwisha. Wa Ukerewe bado ni majini. Muulize mhudumu kabla ya kukata tiketi, na kaa naye upande wenye hewa, mbali na injini.

Mbwa anayesafiri awe amechanjwa kichaa cha mbwa, na chanjo hiyo inarudiwa kila mwaka. Vijijini atakutana na mbwa asiowajua. Mtu yeyote aking'atwa, oshwe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali moja kwa moja, hata kama mbwa ni wa babu na anaonekana mzima.

Usiku wa mwaka mpya mbwa anapata wazimu kwa fataki. Anapotea kabisa.

Anayepotea ni yule aliyefungiwa uani. Saa tano usiku tarehe 31 mwingize ndani, chumba chenye madirisha machache, funga mapazia, washa redio kwa sauti ya kawaida, mlaze kwenye lile blanketi lake la viraka. Mtembeze mchana ili achoke. Honi, sufuria na baruti vikianza, kaa naye. Kumbembeleza hakumfundishi woga kama wengine wanavyosema.

Paka wa mitaa ya miambani, Mabatini, Bugarika, Isamilo, hao hujificha ndani ya nyufa za mawe na kutoka wakiamua. Usimrushie mawe wala usimmulikie tochi. Weka dagaa karibu na mlango, subiri. Mmoja alikaa huko siku mbili, akarudi na mkia wa mjusi mdomoni, wale wenye kichwa cha waridi na mwili wa bluu ambao hata jina lao la kisayansi limechukuliwa kwetu: Agama mwanzae.

Mume wangu anataka kumletea mtoto kitoto cha mbwa kama zawadi ya Krismasi.

Mwambie baba watoto asubiri wiki mbili. Kitoto cha mbwa hakiachishwi mama kabla ya wiki nane, na nyumba yenye wageni ishirini, baruti na mifupa sakafuni si mahali pa kulala usiku wa kwanza. Tarehe 25 mpe mtoto shuka dogo la viraka na umwambie ni la rafiki anayekuja. Akifika Januari kila mtu ametulia, na akitimiza miezi mitatu apate chanjo ya kichaa.

Watoto wako likizo na wanasumbua. Wanaweza kujifunza?

Kuanzia miaka saba hivi, wavulana pia. Anza na vidole, bila sindano: kamba ya vitanzi kwenye mkono. Kisha kroshia, ambayo ina chombo kimoja na haitoboi jicho kirahisi kama sindano mbili ndefu. Wape uzi mnene wa kukatwa kutoka fulana za mitumba, upana wa vidole viwili. Mtoto anaona kazi inakua na paka hawezi kumeza kirahisi kitu kinene hivyo. Sheria yangu ni moja: anayeacha uzi sakafuni, siku hiyo anaosha sahani za wageni. Inafanya kazi kuliko maneno.

Krismasi ikipita, uzi uliobaki niufanyie nini?

Januari shule zinafunguliwa, na sweta za shule za mwaka jana zimetoboka viwiko. Uzi wa bluu iliyokolea, wa kijani na wa damu ya mzee usiutupe, hata kipande cha mita tano kinaziba kiwiko. Majirani wataanza kubisha hodi tarehe 3. Kama una mashine ya kufumia sweta, hiyo ndiyo wiki yako ya pesa, na wewe huhitaji ushauri wangu.

Rangi zisizo na shule yoyote zikusanye ufume kitanda cha paka: kroshia nene, nyuzi mbili au tatu kwa pamoja, duara la sentimita 45, ukingo unaosimama kiganja kimoja. Mwishoni ficha ncha zote za uzi ndani na uzikaze, isibaki hata moja ya kuvuta. Furu nilimfumia chake mwaka juzi, rangi sita, jioni nne za kazi. Analala kwenye ungo wa kupepetea mchele, na siku nikitaka kupika pilau inabidi nimwombe.